Mkono wa Mwisho

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni neno moja tu: usioshe. Ukitoa kitu ardhini, hata kama kimegandwa na tope la miaka hamsini, hukipangusi kwa kanga, hukitemei mate, hukisugui kwenye suruali ili uone kimeandikwa nini. Unakiweka kwenye sinia la plastiki pamoja na udongo wake, unakipeleka kibandani, na mashine tunayoiita Kiganja inakisoma kilivyo. Nimewafundisha kanuni hiyo wasomaji kumi na wawili wa mkoa wa Tabora. Mmoja nilimfukuza kazi kwa kupuliza tu vumbi kwenye kitasa cha mlango. Kwa hiyo mtakaposikia nilichokifanya Jumamosi ile, msije mkasema Sihaba alighafilika. Sihaba alijua.

Tulikuwa Bustani ya Mikangazi, upande wa mashariki, ambako manispaa ilikuwa imebomoa uwanja wa zege ili ipande miti. Ardhi iliyofunikwa miaka arobaini na mitano ilikuwa wazi, nasi tulipewa siku tatu za kuinusa kabla miche haijaja. Shigela, mwenzangu wa kazi, mwanamume wa mwili mkubwa na subira ndogo, alikuwa anapitisha fimbo yake ya kunusa madini kushoto na kulia kama mtu anayefagia uwanja asioupenda. Mimi nilifuata nyuma na jembe dogo na sinia.

Mpaka saa tatu asubuhi tulikuwa tumepata vizibo vya soda visivyohesabika, kufuli bila ufunguo, kijiko, na senti mbili za tundu.

"Zote za Mwingereza," Shigela alisema.

"Hii ya Mwingereza, ona meno ya ndovu yamezunguka tundu. Ile nyingine haina meno. Ni ya Mjerumani."

"Macho yako dada, hata kutu inakuogopa."

Nilicheka. Nataka ijulikane kwamba nilicheka, kwa sababu dakika mbili baadaye fimbo yake ililia mlio mrefu, ule wa fedha safi, na tangu hapo sijacheka tena vizuri.

Alichimba shubiri moja kwenda chini. Kikatoka kitu cha duara, kizito, kimevikwa udongo mweusi. Sikuhitaji udongo utoke. Nilijua unene wake, nilijua upande mmoja una bawaba ndogo na pini yake, nilijua karibu na bawaba pana kibonyeo ambapo bibi yangu aliwahi kuigonga kwenye kinu. Ilikuwa bangili ya Bibi Chausiku. Niliizika mimi mwenyewe mahali pale nikiwa na miaka kumi na mitatu.

"Nipe niipeleke kibandani," nilisema. "Wewe fukia mashimo."

*

Vijana wa siku hizi wanadhani Kiganja kilikuwepo tangu enzi na enzi. Hapana. Kilikuja baada ya mdomo kufa. Mashine zilipojua kuiga sauti ya mtu na sura yake, mpaka kovu lake na kikohozi chake, ikawa video ya mtu anayekiri kosa haina thamani kuliko kizibo cha soda. Kila mshtakiwa alisema si mimi, ni mashine. Na kila mwongo alileta mashahidi ishirini waliotengenezwa chumbani. Mahakama zilihangaika miaka saba. Kisha wakaja watu wa maabara na habari ya jasho.

Ni hivi. Kila mkono una jasho lake, na chumvi ya jasho hilo huingia kwenye vitundu vya madini ambavyo jicho halivioni, ikakaa humo. Kiganja huimulika chumvi hiyo na kusema ni ya nani na ya lini, mkono upi ulitangulia na upi ulifuata. Walio hai wamo kwenye daftari la taifa. Waliokufa hutambuliwa kupitia watoto wao. Kiganja hakina shemeji wala jirani. Sheria ikawa fupi: mdomo si ushahidi, chuma ni ushahidi.

Kina udhaifu mmoja. Mwanga wake huunguza chumvi ile ile unayoisoma, kwa hiyo kitu husomwa mara moja tu na matokeo hufungwa. Kikivunjika baadaye, vipande huhesabiwa kitu kipya, maana ndani huwa mna sehemu ambazo mwanga haukufika. Lakini msomaji akivunja kitu kwa makusudi anapoteza cheti chake siku hiyo hiyo, na hakirudi.

Haya yote niliyajua vizuri kuliko mtu yeyote Tabora. Nilisomea kazi hii nikiwa na miaka arobaini na saba, watoto wakubwa, mume yupo kazini, na watu wakasema mama wa watu amependa elimu uzeeni. Sikupenda elimu. Niliposikia kwamba chuma kinaanza kusema, niliona lazima siku chuma kile kitakapopatikana, anayekipokea niwe mimi. Miaka kumi na moja nilivaa glavu nyeupe na kuitwa mwaminifu, na shabaha ilikuwa hiyo.

*

Harusi ilikuwa ya shangazi Mwanvua. Kwetu, bibi harusi anapopakwa hina huvua bangili zote, na binti mmoja wa nyumba hiyo hupewa azishike mapajani mpaka hina ikauke. Ni heshima. Mpaka hina, yaani yule anayempaka, yeye hazigusi kamwe. Mikono yake ina majimaji ya hina, na bangili za watu si kazi yake. Siku ile nilichaguliwa mimi kuzishika.

Mpaka hina alikuwa Nyanzala, msichana wa miaka ishirini na miwili, mkono wake ukiwa umeshaanza kusifiwa mpaka Urambo. Alipaka taratibu. Nilichoka kukaa. Nikaivaa ile ya fedha, ambayo Bibi Chausiku alimvika shangazi kwa harusi hiyo, nikatoka kwa mlango wa uani, nikakimbia Mikangazi kuwaringishia wenzangu. Nilipomwona baba anakatiza bustanini na baiskeli yake, niliogopa, nikaichimbia chini ya mti wa mkangazi kwa kidole na kijiti. Nikarudi nyumbani mbio nikiwa nimeshapanga la kusema.

"Niliziweka kwenye sinia, pale karibu na dada wa hina," nilisema.

Hayo tu, sentensi moja. Wanawake wakamwaga kikapu cha Nyanzala barabarani. Walimvua kanga ya juu mbele ya watu. Hina yake ikakanyagwa, na nilisimama mlangoni nikaangalia mpaka mwisho. Siku ya tatu nilirudi bustanini nikiwa nimedhamiria kuifukua na kuitupa uani ionekane. Nikakuta manispaa wameng'oa miti, wamesawazisha ardhi na wanamwaga zege. Niliomba homa inishike, na homa haikuja.

Toka siku hiyo akaitwa Nyanzala Bangili. Nani angemwita tena mpaka hina ambaye vitu hupotea anapoingia? Aliuza maandazi, akauza mkaa, akalea watoto wake. Na Kiganja kilipokuja, aliandika ombi la kusafishwa jina, akaanza kuja kila Jumamosi kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha la kibanda changu, na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili. Cha pili kilikuwa changu.

"Mwangaluka, mwanangu," hunisalimia. "Bado?"

"Bado, Bi Nyanzala."

Ananimiminia. Alijua mimi ni wa nyumba ile. Mwaka wa kwanza kabisa nilijikaza nikamwambia nilikuwepo siku hiyo. Alinipapasa mkono juu ya glavu akasema, "Ulikuwa mtoto. Wewe huna hatia." Nikanywa chai yake. Nimeinywa miaka kumi na moja.

*

Jumamosi ile nilifunga mlango wa kibanda kwa ndani. Kwenye mfuko wangu wa chakula mlikuwa na ukwaju niliokusudia kutengenezea juisi. Bibi Chausiku alisugua fedha yake kwa ukwaju na majivu, na mikono yangu ilikumbuka yenyewe. Majivu niliyachota kwenye jiko la mlinzi. Zilinitosha dakika nne, na glavu sikuzivua. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi, na fedha ikang'aa vile ilivyong'aa mapajani mwangu.

Msidhani nilijuta. Nilikuwa naogopa kukamatwa.

Nikaiweka ndani ya Kiganja. Kikamulika. Kikasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Hakuna mkono." Matokeo yakafungwa.

Shigela aliponigongea nilikuwa nimekaa. Bangili ilikuwa juu ya meza inang'aa, jambo lisilo na ajabu, maana kitu kikishasomwa ruhusa kukisafisha.

"Imesema nini?"

"Haina mkono."

"Fedha? Miaka arobaini na mitano tu, chini ya zege, pasipo mvua?" Aliigeuza kwa glavu. "Hapo jibu ni moja, dada. Aliyeiba aliiosha kabla ya kuificha. Mwizi huyu alikuwa fundi."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Naona aibu kusema kwamba mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiria. Nilijifikiria mimi tu. Bangili chafu ingesema mikono yote iliyoishika, na wa Nyanzala usingekuwemo. Bangili niliyoiosha haikusema kitu, na ukimya wake ulimwelekea mtu mmoja tu, yule ambaye tayari alikuwa anaitwa kwa jina lake.

*

Bustani haina siri. Nilipofungua dirisha, Nyanzala alikuwa amesimama, si amekaa, na watu wapatao kumi nyuma yake. Mjukuu wake Mkasi alikuwa amemshika kiwiko. Mkasi angeolewa Ijumaa inayofuata, na watu wa upande wa mume walikuwa wametuma neno, kwa adabu zote: bibi asimpake hina mjukuu wake, atafutwe mtu mwingine. Hilo Nyanzala alinieleza wiki iliyotangulia, akinimiminia chai, akicheka kidogo ili nisimwonee huruma.

"Nasikia ni ya fedha," alisema. "Nionyeshe, mwanangu."

Nilimwonyesha. Hakuigusa. Aliinama akatazama karibu na bawaba.

"Kibonyeo cha kinu," alisema polepole. "Mwanvua alinihadithia huku nampaka. Ni hii. Mkasi, ni hii." Akaniangalia na macho yake yamejaa. "Imesema nini?"

Shigela alinitangulia, kwa upole. "Haina mkono, bibi. Inaonekana ilioshwa kabla ya kufichwa. Na faili... faili linafungwa hapo. Tuhuma inabaki ilivyokuwa."

Nilimwona anavyoielewa taratibu. Alikaa benchini, akavuta kanga yake mabegani kama mtu aliyesikia baridi, na ilikuwa inakaribia saa tano na jua linawaka.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Watasema niliiosha. Sisi wa hina ndio tunajua kuosha." Akamgeukia mjukuu. "Mtafuteni yule mama wa Isevya. Ana mkono mzuri. Mwambieni asiweke maua makubwa, vidole vyako ni vifupi."

Mkasi akaanza kulia. Nyanzala akafungua chupa, kwa mazoea, akamimina vikombe viwili, akanisogezea changu dirishani.

Sijui ni kitu gani kingenivunja kama si kikombe kile. Nilisema, "Bi Nyanzala, niliichukua mimi."

Watu wakasogea dirishani.

"Niliichukua mimi. Nilitoka nayo nikaizika hapo kwenye mkangazi. Wewe hukuigusa hata kidogo. Na leo asubuhi nimeiosha mimi, kwa ukwaju, humu ndani, ili isinitaje."

Mtu nyuma akaguna. Mwanamke mmoja akasema, si kwa ubaya, "Anamwonea huruma tu mzee wa watu. Wanywaji wa chai pamoja hao." Na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hivyo ndivyo tulivyo siku hizi. Nilisema ukweli wangu wa kwanza baada ya miaka arobaini na mitano, wakaupokea kama pole.

Shigela aliingia ndani akaninong'oneza. "Dada, nyamaza. Mdomo haumsaidii, unakuharibia wewe tu. Hata ukiapa, nani ataandika?"

"Najua."

"Basi acha. Imeshaandikwa."

Alisema kweli. Hapo ndipo palikuwa na mlango wangu wa kutokea, tena mzuri: nilikuwa nimekiri, hakuna aliyeamini, cheti kingebaki ukutani, na ningeweza kurudi nyumbani nikijiambia kwamba nilijaribu. Nilikaa na wazo hilo kitambo. Nasema hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa limeniaibisha kuliko kuosha.

Nikatazama nje. Nyanzala alikuwa bado amekaa benchini. Alikuwa ananitazama mikono, si uso. Mikono, kwenye glavu. Nadhani yeye peke yake aliniamini, kwa sababu yeye peke yake alijua tangu mwanzo kwamba lazima yupo mtu.

Ukwaju hauingii kwenye bawaba. Nilijua hilo nilipokuwa nasugua, nikalisukuma kando. Msichana anapovaa bangili ya bawaba akiwa anakimbia juani, jasho hushuka, huingia kwenye tundu la pini, na pini ikishafungwa hakuna kitambaa wala majivu vinavyolifuata humo. Wala mwanga wa Kiganja haufiki, mpaka pini itoke. Na pini ile ilishagandana na tundu lake, isingetoka nzima.

Nikachukua tindo na nyundo.

"Sihaba," Shigela alisema. Hakuwahi kuniita jina langu tupu. "Ukiivunja, umemaliza kazi. Na ni mali ya bibi yako."

"Washa spika ya nje."

"Dada."

"Kuna mdai mbele ya dirisha. Usomaji ni wa hadhara. Washa."

Niliweka bangili kwenye kizingiti cha dirisha, mbele ya macho yao wote, nikapiga mara moja. Haikukatika. Nilipiga ya pili kwa nguvu zaidi, na bawaba ikaachia, pini ikaruka katika vipande viwili, na bangili ya Bibi Chausiku ikalala juu ya mbao nusu mbili. Nikaviokota vipande vyote, nikaviweka ndani ya Kiganja, nikakaa nikisubiri kama mgonjwa.

Kilichukua muda. Kisha sauti ikasikika bustani nzima.

"Kitu kipya. Fedha. Mkono wa kwanza: Chausiku binti Kasongo, marehemu. Mkono wa pili: Mwanvua binti Mrisho, marehemu. Mkono wa mwisho: Sihaba, mjukuu wa Chausiku, msomaji, umri wakati wa kushika miaka kumi na mitatu. Mkono mwingine haupo. Juu ya kingo: ukwaju na majivu, ya leo, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Imevunjwa kwa makusudi. Cheti cha msomaji kimefutwa."

Taa ya kijani juu ya meza yangu ikazimika. Shigela akatoka nje bila kuniangalia, akaenda kusimama kwenye mashimo aliyokwisha kuyafukia.

Sikuwa na pa kuficha uso. Yule mwanamke aliyesema nina huruma alinitazama kama anatazama kitu kwenye kiatu chake, nikaona hata hapo amenistahi, maana nilistahili baya zaidi. Mkasi aliacha kulia. Nilitoka kwa mlango wa mbele, nikaenda mpaka kwenye benchi, nikapiga magoti kwenye changarawe.

Nyanzala alichukua kile kikombe changu dirishani. Kilikuwa bado kimejaa. Alikimwaga chini, taratibu, akakipangusa kwa pindo la kanga, akakifunika juu ya chupa, akaikaza mpaka ikalia.

"Miaka kumi na moja," alisema, "nakuuliza bado, unanijibu bado."

"Ndiyo."

"Na unaongeza sukari."

"Ndiyo, mama."

Alisimama. Magoti yake yalilia. Mkasi alimpa mkono, akaukataa, akajisimamisha mwenyewe. Alipofika hatua tatu hivi aligeuka, na sauti yake ilikuwa ya kazi, ya mtu anayepanga shughuli.

"Ijumaa, saa nane mchana, njoo kwangu. Nampaka huyu hina. Watakuwepo wanawake wote, wa kwetu na wa kwa mume. Bangili zake utazishika wewe, mapajani, mpaka ikauke."

"Bi Nyanzala, mbele ya watu wote hao siwezi..."

"Hina yangu hukauka polepole," alisema. "Na uje bila glavu."